Mpima Majani

Fundi wa maabara aliyekuja kupima kunde zetu Mahurunga mwaka 2006 hakugusa jani kabla ya kupangusa vidole kwenye suruali. Alilibana kwa kibanio cheusi, akaliacha gizani dakika ishirini, kisha akalimulika kwa mashine yake ndogo na kusoma mwanga hafifu uliorudishwa na jani. Jani lenye afya, alisema kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani, hujieleza lenyewe. Hivyo ndivyo alivyotafuta ni bakteria gani, kati ya wale aliowapaka kwenye mbegu, wanaosaidia mizizi. Mbegu za mistari miwili hakuzipaka kitu, apate cha kulinganishia. Wiki ya sita, mistari hiyo ikatoa vipimo sawa na mingine. Akarudia mara tatu.

Bi Sabra, mwenye shamba, akamwambia, "Hiyo nilikuwa naimwagia maji ya samadi ya mbuzi, mwanangu. Ilikuwa inatia huruma."

Fundi alifunga daftari taratibu, akapangusa vidole. "Safari hii, mama," akasema, huku akiomba jembe tupande upya, "nionee huruma mimi."