Mazoezi ya Simu na Mazoezi ya Mchangani

Muuguzi wa kituo cha afya hapa Kilibula, mtaa wetu mjini Uvira, alitupima mimi na mume wangu asubuhi, kabla hatujanywa chai. Akatuambia sukari yetu imepanda. Haijawa ugonjwa bado, lakini tukiendelea kuishi hivi itakuwa. Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na miaka yake ya mwisho aliimaliza kwenye kiti karibu na mlango, akisalimia wapita njia. Kwa hiyo niliuliza tufanye nini.

Mume wangu ni dereva wa pikipiki. Hata kwenda kununua mkate jirani, huwasha pikipiki. Mimi nafundisha shule ya msingi, na kwa kutembea sikumzidi sana.

Muuguzi akatupa njia mbili. Kuna watu wanaokutana uwanja wa parokia kila Jumamosi, wanatembea ufukweni mwa ziwa kisha wanafundishana mapishi. Na kuna kundi la kwenye simu: mkufunzi yuko Kinshasa, anatuma video na sauti, kila mtu anafanya mazoezi alipo.

"Minye nachukua ya simu," mume wangu akasema haraka. "Sitaki kutoka jasho mbele ya batu."

Mimi nikachagua kutembea. Jumamosi ya kwanza tulipita mchangani, wanawake peke yetu, vikwembe, vitenge vyetu vya kiunoni, vimefungwa juu ya magoti, tukiimba. Mzee mmoja aliyekuwa akianika ndagala, wale samaki wadogo, akatuuliza nani amekufa.

"Hakuna, papa!" akajibu mama mmoja. "Tunakimbia kufa!"

Tuliporudi, muuguzi akakunja mkono kutuonyesha: bukari, yaani ugali, isizidi ngumi; sombe, majani ya muhogo, ijaze sahani. Mama yule yule akainua ngumi yake, kubwa kama ya mvuvi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Tulicheka mpaka muuguzi akashindwa kuendelea.

Nyumbani, mume wangu alikuwa akitazama kijana mwembamba akirukaruka juu ya zulia na kusifu saladi na tufaha. Siku ya tatu akashika simu, akarekodi sauti yake: "Mwalimu, huku Uvira tufaha tunaziona mu video tu. Sisi tuko na samaki wa mikeke, sombe na bukari. Tufanye je?" Mkufunzi alicheka sana, kisha akaomba kila mtu apige picha ya sahani yake ili ashauri kwa kile kilichomo. Nilianza kumheshimu kijana yule.

Mvua zikaja. Ziwa likapanda, likameza njia yetu ya mchangani, na matembezi yakasimama. Nikakaa nyumbani, chai yangu ikaanza kurudia utamu wa zamani.

Alasiri moja nikienda kununua nyanya, nilipita kituo cha pikipiki. Sauti ya mkufunzi ilikuwa ikitoka kwenye spika ndogo iliyofungwa kwenye usukani. Madereva walikuwa wamesimama mstari kando ya pikipiki zao, makoti yamefungwa hadi shingoni, wakiinua magoti. Mbele yao, mume wangu.

"Mutanipeleka ao mutacheza?" abiria mmoja akauliza, kikapu kichwani.

"Ngoja kidogo, mama, imebaki mikono!" akajibu dereva mmoja.

Nikaweka kikapu changu chini nicheke vizuri. "Papa, si weye ulikataa jasho mbele ya batu?"

"Ni hawa," akasema akihema. "Walisikia sauti, wakauliza ni nini, wakaingia. Peke yangu ningekuwa nimeshaacha." Akanisogezea nafasi. "Usisimame bure."

Nikaingia, siku ile na zilizofuata, ingawa mzazi wa mwanafunzi wangu alikuwa akinitazama kutoka dukani.

Tulipopimwa tena, sukari yangu ilikuwa imeshuka hadi mahali pake. Ya kwake ilishuka, lakini haikufika. Iliniuma kuona uso wake. Muuguzi akamwambia aendelee tu, anaelekea pazuri.

Maji yalipopungua, Jumamosi mume wangu akaamka kabla yangu, akavaa viatu vya raba, akaiacha pikipiki ndani. Wanawake walimpigia vigelegele uwanjani. Yule mama wa ngumi kubwa akamtwika mkoba wake mara moja.

"Weye umezoea kubeba batu," akamwambia. "Huu hautakushinda."

Aliubeba mpaka mtaa wa Kavimvira, akiimba sauti ya chini, maneno yote akiyakosea.