Zamu za Jicho la Mama

Mimi ndiye mtu wa kwanza upande wetu wa Vudee kuweka vigae sakafuni. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu sikurithi kitu. Nilishuka mlima huu na begi la kuazima, nikasomea stashahada ya umeme huku nikilala karakana, nikafanya kazi Dar es Salaam na Mwanza, kisha nikarudi kufungua duka la vifaa vya umeme Same mjini, barabarani kabisa. Anayetaka soketi isiyoungua anakuja kwangu.

Nyumba niliijenga kando ya ile ya mama. Siku niliyomwingiza sebuleni mara ya kwanza alipapasa ukuta, akauliza kwa nini sijawasha taa. Ilikuwa mchana wa jua kali. Hapo ndipo nilipojua.

Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuzima, na halingerudi. La kulia lilibakiwa na mwanga wa kumwonyesha umbo la mtu mlangoni. Upasuaji ungeweza kuuokoa mwanga huo, na baada yake matone ya dawa asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, bila kuruka.

Kwetu, mgonjwa akitajiwa gharama kubwa, watu huitana. Huyu analeta fedha, yule mkungu wa ndizi, na asiye na kitu anakuja kukaa tu. Mdogo wake mama, anayeishi ng'ambo ya mfereji, alikuja kuniuliza kikao kiwe lini.

"Hakuna kikao," nikamwambia. "Mama ana mtoto."

"Tunajua ana mtoto. Nimeuliza kikao."

"Mama mdogo, mimi siombi. Nitalipa mwenyewe."

Aliniangalia kuanzia viatuni mpaka usoni. "Haya, bwana vigae."

Nikalipa mwenyewe. Niliuza gari langu, na sikumpigia mtu simu. Mpaka leo najivunia hilo. Mama alipasuliwa, daktari akaridhika, tukapanda mlima kwa gari la kukodi, jicho lake likiwa limefunikwa.

Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, ua wa kwetu hukosa pa kuweka mguu. Makande huwa yanatokota kwenye sufuria kubwa, na mtu akishuka tu garini, vigelegele. Siku hiyo uani palikuwa na kuku tu, wakiparua. Mama alisimama akainua uso, akisikiliza.

"Mbona wamekaa kimya hivyo?"

"Nani, mama?"

"Watu."

Nikamwambia wako mashambani.

"Wote?"

Hakuna aliyetukasirikia. Nikikutana nao njiani waliniuliza hali ya mgonjwa, wakasema nimsalimie, wakapita. Jambo lilikuwa langu, nami nilikuwa nimelimaliza.

Nilifunga duka nikamhudumia. Tulikuwa wawili katika nyumba ambayo hata kijiko kikianguka kinasikika vyumba vyote. Mama alikaa kwenye sofa, mikono magotini, kama mgeni anayesubiri kuruhusiwa kuondoka. Akisikia hatua nje, alinituma dirishani.

"Nani huyo?"

"Mwanamke. Ana kanga nyekundu."

"Sijauliza kanga. Anatembeaje?"

Sikuweza kumwambia. Nilikuwa nimekaa mbali miaka mingi mno. Mwendo wa watu wa kwetu nilikuwa siujui.

Duka lilipodai kufunguliwa nilimwajiri dada wa kazi kutoka Lembeni. Baridi ya huku juu ilimshinda, akateremka. Nikawa napanda na kushuka mwenyewe, mpaka mvua ilipokata barabara nikalala Same. Asubuhi nilipofika kwa bodaboda nilimkuta mama ameshika chupa ya dawa, shavu limelowa.

"Nimelenga nikakosa," akasema, akicheka peke yake. "Nimelenga tena, nikanywesha sikio."

Mimi sikucheka. Tulipokwenda kliniki, presha ya jicho ilikuwa imepanda. Daktari alinivuta pembeni akasema tukiendelea kuruka dawa, lile umbo la mtu mlangoni nalo litaondoka.

Jioni ileile nilivuka mfereji. Mama mdogo alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, bwana vigae. Umepungukiwa nini leo, saruji?"

"Mikono."

Aliendelea kupukuchua. "Sema vizuri, masikio yangu yamezeeka."

"Naomba mnisaidie kumtia mama dawa."

"Ehee! Hapo sasa umesema." Akakung'uta kanga yake, akasimama. Maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, hufunguliwa kwa zamu, kila nyumba siku yake. Akasema jicho la dada yake litakwenda vivyo hivyo. "Na wewe utapewa siku yako. Usidhani kwa kuwa ni mama yako utazichukua zote."

Mama aliomba mwenyewe arudishwe nyumba yake ya zamani. Kwangu watu walikuwa wanavua viatu mlangoni na kukaa ukingoni mwa viti. Kule wanaingia na matope yao. Jioni nikitoka dukani nakunywa chai peke yangu, chini ya taa nilizofunga kwa mikono yangu, na hakuna mwenye taa nzuri kuzishinda mlima huu mzima. Vicheko vinanifikia kupitia dirishani. Nikienda kabla ya siku yangu, mama mdogo huniuliza kama nimepotea njia.

Zamu yangu ni Jumapili, baada ya ibada. Nanawa mikono, mama anainamisha kichwa nyuma.

"Mkono wako mzito kuliko wa wenzako. Legeza."

Nalegeza. Tone linaingia. Anafumba jicho, na kama kuna mtu anapita nje, ananigusa goti.

"Anatembeaje?"

Nasimama mlangoni, namtazama huyo mtu mpaka anakata kona, ndipo namjibu.