Mfuko Kwanza

Juzi nimeona vijana wa Dar wamepiga hema ndani ya lile korongo la chini ya Mashewa, mwili wote ukanisisimka.

Nikiwa mtoto, serikali iliporuhusu watu binafsi kuuza madini, kila mtu alikuwa mtafuta vito. Mjomba Hemedi alitutoa Handeni mimi na kaka yangu Athumani kwa landrova, tukalala porini. Mchana akatushusha korongoni kwa kamba tuokote mawe mekundu tujaze mfuko, maana watoto tulipenya kwenye nyufa.

Mmasai mmoja akasimama juu na ng'ombe wake. "Mzee, toa watoto. Milimani mvua inanyesha, maji yatashuka huku."

Mjomba akacheka. "Jua lote hili? Chunga ng'ombe zako!"

Baadaye ikaja harufu ya udongo mbichi, halafu mngurumo. Mimi nikadhani ni lori, nikafurahi. Kumbe maji.

"Mjomba, kamba!" Athumani alilia.

Kamba ikashuka. "Funga mfuko kwanza!"

Athumani akaufunga. Mfuko ukapanda, kisha nikapanda mimi. Kamba iliposhuka tena, Athumani hakuwepo.

Msibani Hemedi alisema ni kazi ya Mungu. Mungu hakuomba mfuko.