Jina la Babu kwenye Ukurasa wa Nne

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema nisije nikaanza kulaumu watu. Fomu ya mkopo wa chuo nilikuwa nayo tangu dirisha la maombi linafunguliwa. Niliipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji pale Getanuwas, nikaipeleka kwa mtendaji, nikabandika picha, nikatembea nayo kwenye bahasha kwa maringo yote. Ukurasa wa nne sikuusoma. Niliona mistari mingi ya kisheria, nikasema haya ni ya mawakili. Mimi huyo, msomi wa kidato cha sita!

Alhamisi jioni, nikiwa napanga karatasi, ndipo nikausoma. Ulisema kwamba kama baba wa mwombaji amefariki, mzazi aliyebaki aape mbele ya wakili, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba alikuwa mke wa marehemu fulani, mtoto wa fulani. Dirisha lilikuwa linafungwa Jumapili. Wakili alikuwa Katesh, na Jumamosi hafungui. Ilibaki Ijumaa moja tu. Bila ile karatasi hakuna mkopo, na bila mkopo narudi kuchunga, maana ukame ulikuwa umetuachia mbuzi na ndama wachache wa kuonea huruma.

Asubuhi tukapata lifti ya lori la mahindi. Mama alikaa juu ya magunia na shuka lake na bangili zake, amefurahi utadhani anakwenda harusini.

Ofisi ya wakili ilikuwa chumba kimoja nyuma ya steshenari. Wakili mwenyewe alikuwa mtu mzima, mgeni wilayani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ndiye mama?"

Ndiye. Akamuuliza ataapa kwa Biblia au kwa Msahafu. Nikamtafsiria mama, mama akacheka, akasema yeye hana hata kimoja. Wakili akasema sawa, atathibitisha kwa neno lake tu. Nikashusha pumzi.

"Mama, jina la marehemu mume wako?"

Akalitaja.

"Mtoto wa nani?"

Mama akanigeukia mimi.

Hapo ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimesahau, jamani, kitu ninachokijua tangu utoto. Kwetu Wabarbaig mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake, awe hai awe amekufa. Hata neno linalofanana nalo halipiti mdomoni. Jina la babu linakaribiana na neno letu la mvua, kwa hiyo mama mvua huiita kwa Kiswahili miaka yote. Sisi watoto tulikuwa tunamtania kwamba anajua Kiswahili siku za mvua tu.

"Nitalitaja mimi," nikamwambia wakili.

"Wewe ndiye unayetaka mkopo," akajibu. "Naletewa hapa akina mama wa kukodi kila mwaka. Mke gani hajui mume wake ni mtoto wa nani?"

Akauliza tena. Mama akatazama bangili zake. Akauliza mara ya tatu, huku anarudisha muhuri kwenye droo.

Nikapandwa na hasira, tena si kwa wakili, kwa mama. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Babu alikufa kabla sijazaliwa. Atakusikilia wapi? Marehemu unamheshimu, mimi niliye hai unanitupa?" Midomo yake ilitikisika kidogo, basi.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja mkulima kutoka Gendabi, ana karatasi zake za shamba, anasubiri zamu. Akainuka.

"Mheshimiwa, samahani kwa kuingilia. Hawa Wabarbaig ni majirani zetu, nawajua. Wanawake wao hawataji. Hata ukimuuliza mpaka kesho, unamtesa bure. Taja wewe, halafu umtazame yeye."

Wakili akaguna. Akanisogezea karatasi niandike jina la babu, akanionya nisitie neno. Akasoma jina la kwanza, la kubuni. Mama akatikisa kichwa. Akasoma la pili, la kubuni pia. Mama akatikisa kichwa. La tatu lilikuwa la babu, akalitamka vibaya sana, lakini lilitoka. Mama akavuta shuka, akajifunika uso wote, akainama mpaka karibu na magoti.

Wakili akaiweka karatasi mezani. "Imetosha, mama yangu," akasema. "Unisamehe sana." Akatoa muhuri kwenye droo, akagonga. Mama akaweka dole gumba.

Pale steshenari, tulipokuwa tunaituma fomu kwa kompyuta, mtandao ulisuasua mpaka dada wa kompyuta akaenda kuiweka simu yake dirishani. Halafu yakatokea maneno: maombi yako yamepokelewa. Nilipiga kelele! Mama wa Gendabi, naye akiwa ameshamaliza shida zake, alisikia akapiga vigelegele kwa mtoto asiyemjua hata jina. Mkopo ulitoka. Niko mwaka wa tatu sasa, nasomea mifugo, na siku hizi hata karatasi ya dawa ya kikohozi naisoma mpaka mwisho.

Siku ile tulingojea gari la kurudi kando ya barabara, tunakula maandazi. Yangu niliyarudisha kwenye mfuko. Yale maneno niliyomwambia ofisini yalikuwa bado yananisumbua.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nilikukosea."

Akatafuna taratibu, akameza.

"Nilikuwa namngoja yule wakili aniulize tena," akasema.

"Akuulize nini?"

"Jina. Nilikuwa nimeshalifikisha hapa." Akagusa meno yake kwa kidole. "Yule mama wa Gendabi aliposimama, nilikuwa nafungua mdomo."