Mabati ya Shule ya Tujenge

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Jonathan Asukulu alifundisha habari za Ujiji bila kutia mguu katika mji wenyewe. Shule yake, Tujenge, ilikuwa Baraka, upande wa Congo. Aliwachorea watoto ziwa ubaoni, akatia nukta upande wa mashariki na kusema, "Hapa ndipo misafara ilipokuwa ikipumzika." Vita vilipowavusha ziwa yeye na mkewe Elida, walipelekwa moja kwa moja kambini, huko porini mbali na maji. Miaka mitatu ikapita, na Ujiji hakuuona.

Mwaka 1999 shule ya kambi ikaishiwa chaki. Akapewa kibali cha siku moja kwenda kununua, awe amerudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Elida akamtuma sindano za cherehani, nyuzi nyeusi na dawa ya macho.

Alifika Kigoma saa nne, juu ya lori la mahindi. Chaki akazipata upesi, na sindano na nyuzi pia. Dawa ya macho haikuwapo. Saa sita alikuwa amemaliza, na kwa kuwa kibali kilikuwa bado na saa zake, akaenda Ujiji.

Kwenye nyumba ya makumbusho mlinzi alimpokea vizuri. "Karibu, mzee. Mwenyeji au mgeni?"

"Mkimbizi."

Mlinzi akafikiri kidogo. "Basi ni mgeni. Kiingilio cha wageni kimezidi sana cha wenyeji."

Kiingilio hicho hakuwa nacho, akabaki nje ya ua. Ndani, wanafunzi waliokuja na mwalimu wao walikuwa wameketi chini. Mwalimu akawauliza misafara ilikuwa ikibeba nini zaidi ya pembe za ndovu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Jibu likamjaa Jonathan mdomoni, akalimeza, akashuka ufukweni.

Njaa ilikuwa inamuuma. Akaingia kwenye kibanda cha mama mmoja mtu mzima, Bi Mwanvua, aliyeuza ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono, ukae."

Alikuwa amekata tonge la pili alipoinua macho. Ukuta wa kibanda ulikuwa wa mabati ya buluu, yamepakwa herufi nyeupe kubwa: UJEN. Mkia wa ile J ulikuwa umekwenda upande. Aliijua J hiyo. Aliiandika mwenyewe juu ya paa la shule ili watu walio mitumbwini waisome, ngazi ikateleza, brashi ikamponyoka. Akalirudisha tonge sahanini.

"Mama, mabati haya uliyatoa wapi?"

"Niliyanunua kwa kijana wa huko kwenu. Yule pale, anayeshusha madumu ya mawese."

Jonathan akanawa, akatoka. Kijana alipogeuka, akamtambua: Shukrani, aliyekuwa akikaa dawati la mbele. Shukrani naye akatua dumu, akaja kumshika mikono yote miwili.

"Mwalimu, uko hai. Sisi tulishakulilia, hadi tukasikia mko kambini."

"Shukrani, paa la shule aliliezua nani?"

Kijana akaachia mikono. Akatazama kibanda, kisha mchanga.

"Mimi, mwalimu. Askari walishachoma madawati wakipikia. Mabati nayo ningeyaacha, wangeyachukua wao."

"Na watoto wakirudi, watasomea wapi?"

"Watoto gani? Watoto si unao wewe, kule kambini?"

Kwa miaka mitatu, kila asubuhi, Jonathan alikuwa akiwaambia watoto hao kwamba shule yao iko pale pale, inawangoja.

Shukrani akachukua dumu dogo la mawese, akampa. "Mpelekee Mama Elida. Nakuomba, usinikatalie."

Alitaka kumkatalia. Lakini mafuta ya mgao yalikuwa yamekwisha tangu wiki iliyopita, na Elida alikuwa akichemsha maharage kwa chumvi tu. Akalipokea, akasema asante.

Alifika kambini zikiwa zimebaki dakika chache. Jioni ile Elida alikaanga vitunguu kwa mawese, akasema ladha ni ya nyumbani kabisa. Jonathan akasema ameshiba.

Siri ile aliibeba kwa majuma mawili. Darasani aliacha kusema habari za kurudi, na watoto, ambao hawapitwi na kitu, hawakumuuliza. Siku aliyomweleza Elida, mkewe alikuwa anashona. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani.

"Na nyumba yetu?" akauliza. "Nayo ameiezua?"

Jonathan akamtazama. Nyumba yao ilipakana na shule, ukuta kwa ukuta. Hakuwa amekumbuka kuuliza.

Elida akakata uzi kwa meno, akachukua kitambaa kingine.