Soko la Wabelgiji Katika Maharage ya Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa historia, na mwalimu wa historia akinunua detekta, ile mashine inayolia juu ya chuma kilichofukiwa, ujue kichwa kimeshapata moto. Watu wa Bunia huinunua kutafuta dhahabu. Mimi nilitaka sarafu za wakati wa Wabelgiji, zile zenye tundu katikati, ambazo leo hazinunui hata chumvi. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa.

Lakini mimi ni msomi, bwana! Sikuenda kuchimba ovyo. Nilipata parokini ramani ya zamani inayoonyesha soko la wakati ule, nikaitolea fotokopi, na kwa ajili ya macho yangu mabovu nikaomba waikuze. Kisha nikapima kwa rula, nikifuata skeli ileile iliyoandikwa pembeni. Ramani imekua, skeli imebaki vilevile, na mwalimu hakuona kitu. Hesabu zangu zikanipeleka moja kwa moja mtaa wa Bigo, kiwanjani kwa mama mkwe wangu, nikashangilia kama mjinga.

Sasa, kwetu mwanaume haongei ovyo na mama mkwe wake. Tangu nioe sikuwahi kukaa naye wala kumwuliza swali. Neno lake hupitia kwa mke wangu, na langu vilevile. Nikaomba ruhusa kwa njia hiyo, jibu likarudi: aangalie, ila asikanyage maharage. Nilielewa. Mama alizaliwa kiwanjani hapo, akaolewa Gety, vita vikamfukuza, akahamahama kambi kwa kambi. Yale maharage yalikuwa ya kwanza kuyapanda tangu arudi kwenye udongo wa baba yake, na yalikuwa yameanza kutoa maua. Kila asubuhi alitoka kuyaangalia kabla hajanawa uso.

Nilikwenda Jumamosi, yeye akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Detekta ikalia kando ya ua. Nikachimba, nikatoa kifuniko cha kopo la sadini. Aibu ikanishika, nikakitia mfukoni haraka haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyoniponza, maana jirani alikuwa anachungulia juu ya ua.

« Mwalimu, umepata? »

« Hapana, natafuta makuta ya zamani, zile sarafu za Wabelgiji. »

Jamani, hata mimi nisingejiamini. Mtu mzima, mashine mkononi, mfuko umevimba, eti anatafuta pesa isiyonunua kitu! Muda si muda kiwanja kilijaa watu wenye sepeto na mabeseni ya kuoshea mchanga.

« Filon iko wapi? » mmoja aliniuliza, akimaanisha mshipa wa dhahabu.

Nikawaonyesha kifuniko. Wakacheka, wakasema mwalimu ni mjanja. Nikaanza kuwafundisha habari za ukoloni, wakazidi kuamini kwamba ninawapotezea muda. Mwishoni nikakimbia kusimama mbele ya maharage, mikono nimeitanua, nikipiga kelele wasiguse hapo. Ala! Wakajua sasa dhahabu iko wapi.

Mama aliporudi na sare yake ya kwaya, mke wangu akiwa nyuma yake, alinikuta ndani ya shimo, navutania sepeto na kijana mmoja.

« Ambia bwana yako, » alimwambia mke wangu, na mimi niko palepale miguuni pao, « atoke kwanza mu ile shimo. »

Watu walitawanyika wakinung'unika. Hapakubaki shina lililosimama. Mama aliokota moja lenye maua bado, akalipuliza udongo, akaingia nalo ndani. Nilitamani anitukane.

Kesho yake baada ya ibada nilirudi na jembe na mbegu. Nilifukia mashimo, nikapanda mstari mmoja uliopinda, nikaanza mwingine uliopinda zaidi. Mama akatoka na kiti chake, akakiweka karibu yangu, akakaa. Nikainamisha macho kama inavyotakiwa.

« Mie nilikuwa nauzisha ndizi mu ile soko na mama yangu, » alisema. Mke wangu hakuwepo. Alikuwa anasema na mimi. « Ilikuwa kule, ng'ambo ya mto. Sababu gani hukuniuliza? »

« Ni heshima, mama. »

Aliangalia ule udongo mtupu, akaniangalia mimi.

« Basi heshima yako ndiyo imekula maharagi yangu. »