Siku nilizima mashine ya Nyalukemba

Mutu akiniuliza kazi yangu, namujibu: nililinda nyumba ya mashine za simu, hapa Nyalukemba, mu muji wa Bukavu, miaka mingi kuliko meno yaliyobaki mu kinywa changu. Si nyumba ya kujivunia. Chumba kimoja, mulango wa chuma, na ndani baridi ya kutuliza mashine, baridi ile iliniumiza magoti mupaka leo. Sikusoma sana. Niliacha shule mwaka wa tatu, kwetu Nyantende, baba alipokufa. Aliyenilea ni yaya, dada yangu mukubwa. Alibeba mihogo mugongoni mupaka soko, mimi nyuma yake nalia njaa. Alikuwa na ulimi mukali! Kuna siku alimufukuza mukusanya kodi kwa mwiko wa bugali, mutu akaacha kofia yake na hakuirudilia. Lakini niache hiyo, nitapotea.

Zamani, mu chumba kile, kila kazi ilikuwa na kisanduku chake. Kimoja cha Nyangezi, kimoja cha Nyantende, vingine vya hapa muji. Majina yaliyoandikwa juu yalinishinda. Nilivijua kwa taa zao, sawa vile mutu anajua mbuzi zake. Taa moja ikiwa nyekundu na fundi iko mbali, gari lake limekwama mu matope, aliniita kwa simu: "Papa, zima kile cha tatu, ngoja kidogo, washa." Mimi sina saa. Ninazima, ninasali Baba Yetu tatu, pole pole, ninawasha. Taa inakuwa kijani. Fundi alikuwa anacheka: "Papa, hii rezo yako, mutandao huu wa simu, imebatizwa!"

Kisha wakaja kuondoa visanduku vyote. Wakaleta mashine mbili tu, nyeusi, zenye kuvuma sawa nyuki. Fundi mupya alikuwa mwanamuke kijana, amesoma chuo kikuu, mwenye heshima. Alinieleza bila kunichoka.

"Papa, zamani kila kazi ilikuwa na chuma yake. Sasa kazi ni maandishi tu, maagizo. Ile ya Nyantende, ile ya Nyangezi, zote zinaishi ndani ya mashine hizi sawa vile wapangaji mu nyumba moja. Tukitaka kuhamisha mupangaji, tunaandika toka Kinshasa, anahama."

"Na mimi, maman?"

"Wewe unalinda mulango. Usiguse kitu."

"Hata nikisali?"

"Sali, papa, lakini mikono iko mu mufuko."

Tukacheka wote wawili. Niliitika. Kuitika ni rahisi.

Yaya alianguka mugonjwa mwaka uliofuata. Walimulaza mu kituo cha afya cha Nyantende. Asubuhi moja binti yake, anayeniita tonton, mujomba, akanipigia.

"Tonton, mama anakutafuta. Sauti yake inaisha. Saa ine nitamuwekea simu ku sikio, umupigie."

Nilitaka kwenda. Lakini mwenzangu wa zamu anafika saa sita, na mulango ule hauachwi wazi. Nikasema sawa, saa ine.

Saa ine nikapiga. Simu ikanyamaza. Nikapiga tena, ikanyamaza. Nikafungua mulango, nikaona ku mashine moja taa ndogo ya rangi ya chungwa inafumba na kufumbua. Ningemuita fundi. Hapa muji rezo ilikuwepo, angeitika. Sikumuita. Nilimuona yaya na simu ku sikio, anangoja, na mukono wangu ukakumbuka kazi yake ya zamani. Nikazima. Nikasali Baba Yetu tatu, na siongopi, ile ya tatu niliikimbiza. Nikawasha.

Taa ikawa kijani, lakini simu yangu sasa haikuona kitu kabisa. Inje, mu barabara, watu walikuwa wanainua simu zao juu, wanazigeuza, wanaulizana. Nilikuwa nimezima Nyantende, Nyangezi, na nusu ya muji.

Fundi akafika na pikipiki, jasho ku uso. "Papa, umeme ulikatika?"

Angeandika umeme mu ripoti, na kila mutu angeamini. Tunaishi Bukavu.

"Hapana, maman. Ni mukono wangu."

Akakaa juu ya bidoni ya mazutu ya jenereta. "Tulikuwa tunahamisha mupangaji wa Nyantende toka mashine hii kwenda ile ingine. Ilibaki dakika ine, papa. Wewe umebomoa nyumba yeye akiwa mulangoni na godoro ku kichwa."

Aliwarudisha wapangaji, mumoja mumoja, mupaka saa nane. Simu yangu ikalia.

"Tonton," binti wa yaya akasema, "mama amekwenda. Ilikuwa saa tano."

"Ulimuwekea simu?"

"Nilimuwekea. Alisema halo. Akasema tena halo. Kisha akanirudishia."

Ku kilio, Nyantende, watu walijaa mu kiwanja. Muzee mumoja, jirani, akaanza: "Hii rezo ya Bukavu ni ya wachawi! Inakula unite zetu za kupiga simu, sasa inatuzuia hata kuagana!" Wote wakaitika, ndiyo, ya wachawi. Mwingine akasema watu wa Kinshasa ndio wanaikata makusudi. Binti wa yaya alikuwa anapitisha beseni ya maji ya kunawa. Nikasimama.

"Si Kinshasa," nikasema. "Ni mimi niliizima."

Akaweka beseni chini. "Wewe, tonton? Kwa nini?"

"Nilitaka kumusikia haraka."

Muzee yule akatazama miguu yake. Kazi walininyang'anya mwezi ule ule, na walikuwa na haki, lakini siku hiyo sikufikiri kazi. Nilikuwa nangoja huyu mutoto wa yaya aniambie nitoke mu kiwanja.

"Kaa," akasema. "Usisimame pale sawa mugeni."

Nikakaa. Akakaa karibu yangu, na hakunitazama mupaka tuliporudi toka kuzika.